Nililalamikia bili, aliyelipa ni mhudumu. Nifanyeje?

Spea wa Kirinyaga Road

Habari zenu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa baa, iwe ni wa kunywa, wa kuhudumu au wa kumiliki. Mnivumilie nikieleza kwa urefu, jambo lenyewe lina mikunjo.

Nauza vipuri vya lori na matatu Kirinyaga Road, hapa Nairobi. Duka tunafunga saa kumi na moja, na kupanda gari la Umoja saa hiyo ni kukaa Jogoo Road mpaka miguu ife ganzi. Kwa hiyo miaka tisa sasa napita kwenye baa moja ya ghorofani, hatua chache kutoka River Road, nakaa mpaka saa mbili na nusu hivi, foleni ipungue. Baa yenyewe sitaitaja. Hata ukiniuliza pembeni sitaitaja, kwa sababu kuna watu wanapata unga hapo na sijathibitisha kila kitu.

Baa za aina ile mnazijua. Ngazi nyembamba, kaunta iliyozungushiwa vyuma, kidirisha cha kupitishia chupa na pesa. Meza yangu ni ya dirishani, namba saba. Mhudumu niliyemzoea, nitamwita dada tu, alikuwa haniulizi nataka nini. Tusker mbili, ya kwanza baridi, ya pili moto, kwa sababu koo langu halivumilii baridi mara mbili. Hafungui chupa kabla hujaona kifuniko. Chenji inakuja juu ya sinia, imeshahesabiwa. Na chupa tupu haziondolewi mezani mpaka uinuke. Hilo la chupa, asiyekaa baa ataliona ni uchafu. Sisi tunaokaa tunajua ni hesabu. Mkibishana nani amekunywa ngapi, mnahesabu chupa na maneno yanaisha hapo.

Januari mwaka jana meneja wa zamani alistaafu akarudi kwao, akaletwa mwingine. Sitasema kila alichofanya kilikuwa kibaya. Choo kilipata maji na sabuni, na mlangoni akaweka bausa anayekagua vitambulisho, maana vijana wadogo walikuwa wameanza kuingia. Lakini aliamuru chupa tupu ziondolewe papo hapo, eti meza ipendeze. Tena akakataza kulipa kila chupa inapoletwa. Sasa unafungua bili na kulipa mwisho. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, mteja hana tena njia ya kujua amekunywa ngapi, ila aamini karatasi.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi nilikuwa na wenzangu wawili wa dukani. Mimi Tusker tatu, mmoja nne, na wa tatu hanywi pombe, alichukua Stoney mbili. Mbuzi kilo moja, ugali mbili. Bia ni 250, soda 80, kilo ya mbuzi 1,000, ugali 50. Jumla 3,010. Karatasi ikaja imeandikwa 3,760. Bia tatu za ziada.

Nililalamika, na nililalamika kwa adabu. Nilimwambia dada tuhesabu pamoja. Kabla hajajibu meneja alishafika. Alimgombeza mbele ya baa nzima, akamwita mwizi, halafu akanigeukia mimi kwa sauti ya upole, "Mzee, pole sana, toa 3,010, hizo nyingine atabeba yeye." Akaniambia tili ya kaunta, ile namba ya M-Pesa ya baa, imekwama, akanitajia namba nyingine ya kulipia. Nikalipa, tukatoka. Dada alikuwa amesimama karibu na sinki ya kunawia mikono, amefunika uso kwa ile kanga yake ya kufutia meza. Sikumwambia neno. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Wiki mbili baadaye namuulizia, naambiwa hayupo tena. Mwenzake akaniambia polepole huku anafuta meza: kesho yake vitabu vilionyesha meza namba saba *haikulipa kabisa*. Dada akakatwa 3,760 yote, alipobisha akaambiwa aende.

Nilishika simu pale pale. Ujumbe wa M-Pesa upo, 3,010, saa mbili na dakika ishirini na nne usiku. Lakini jina la aliyepokea si la baa. Nikarudi nyuma kwenye ujumbe wa miezi mitatu, nikakuta malipo matano kwa jina hilo hilo geni, jumla 9,640. Kila mara ni meneja aliyenitajia namba.

Mwenye baa namjua kwa sura. Ni mzee, huja Jumatatu asubuhi kuchukua vitabu, pikapu yake anaiegesha karibu na duka letu. Swali langu ni hili: nimwendee vipi bila kumzidishia dada matatizo, na bila kumsingizia mtu jambo ambalo pengine lina maelezo yake?

---

Njia ya 58

Mkubwa, hama baa. Tao, katikati ya jiji, zimejaa. Kwa nini ujipe presha ya mahakamani kwa bia za watu? Mimi pahali nikiongezewa bili mara moja hawanioni tena, hata salamu siwapi.

---

Spea wa Kirinyaga Road

Ndugu, ingekuwa ni pesa zangu tu ningekusikiliza. 750 ilitolewa, mimi sidai kitu. Lakini mtu amekosa kazi kwa pesa ambazo mimi *nililipa*, na ushahidi uko mfukoni mwangu. Nikihama nahama nao.

---

Kaunta Miaka Nane

Mzee shikamoo. Nimefanya kazi hiyo miaka minane, Kayole kwanza halafu tao, nikaacha nilipopata mtoto wa pili. Nitakuambia vile mambo huenda ndani ya hivyo vyuma, kwa sababu mteja haoni.

Baa nyingi mhudumu hapewi bia bure aipeleke mezani. Inaandikwa kwa jina lake. Ikitoka kidirishani ni deni lake mpaka pesa irudi. Mteja akitoroka, ni wako. Chupa ikivunjika, ni wako. Keshia akikosea hesabu saa tano usiku mkiwa mnafunga na matatu ya mwisho inapiga honi, bado ni wako. Tunaita shoti. Kuna mwezi nilifanya kazi siku ishirini na sita na nikapeleka nyumbani pesa isiyofika nusu ya mshahara. Si kwamba niliiba. Meza ya watu sita ilishuka ngazi mmoja mmoja "kupiga simu".

Sasa nikuambie kitu ambacho hutakipenda. Inawezekana hizo bia tatu ni dada aliziongeza. Sisemi ni yeye. Lakini mtu aliyekatwa shoti ya jana huitafuta kwa meza ya leo, hasa meza ya watu wapole walio na nyama. Nimeona wenzangu wakifanya hivyo. Mimi pia niliwahi kufanya, mara mbili, na hao wateja nawakumbuka nyuso zao. Kwa hiyo usimwendee mzee ukisema "dada ni malaika". Mwendee na kile unachokijua: ulilipa, saa ngapi, namba gani, jina gani.

Na kabla ya hapo, mtafute dada. Muulize kama anataka. Pengine ameshapata kazi kwingine na mwenye hiyo baa mpya anajuana na meneja wa huku. Wanajuana hao. Ukitaja jina lake bila ruhusa yake unaweza kumfungia milango mitatu kwa mara moja.

La mwisho ni la sheria, nilifundishwa na mama mmoja wa chama cha KUDHEIHA, ambacho ndicho chama cha wafanyakazi wa hoteli na kazi za aina hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa pale tu ulipotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi amekabidhiwa kushika pesa. Meza imelipa kwa namba aliyoitoa meneja: uzembe wa dada uko wapi? Na hata makato yakiwa halali, jumla yake haiwezi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kumfukuza mtu kwa kosa bila kumwita, kumweleza na kumsikiliza, kifungu cha 41 kinakataza. Lakini mwambie asikae: malalamiko kwa afisa wa kazi yanapelekwa ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Wengi wetu hujua hilo mwezi wa tano.

---

Mwenye Baa, Donholm

Niongee kama mwenye mali.

Spea, baa haina siri kubwa. Asubuhi unahesabu: chupa zilizolala jana, jumlisha kreti zilizoingia, toa zilizobaki. Kreti ni chupa 25. Kama zimetoka kreti nne, chupa 100 kwa 250, nataka kuona 25,000, iwe taslimu au kwa tili. Nikiona 22,000, mtu aniambie 3,000 iko wapi.

Sasa fikiria meneja anayepokea 3,010 kwa namba yake. Bia zimetoka, nyama imetoka, pesa haikuingia. Pengo lazima lionekane asubuhi. Hawezi kulificha, kwa hiyo anatafuta wa kulibebesha. Aliyeandikiwa meza namba saba ni nani? Kwa nini 3,760 na si 3,010? Kwa sababu zile bia tatu zilishaandikwa kwa vitabu, na alizitoa kwako kwa mdomo tu. Mimi niliwahi kuibiwa hivyo hivyo miezi saba. Nilifukuza wasichana wawili kabla sijajua. Mmoja nilimtafuta nikamrudishia, wa pili sikumpata tena. Kwa hiyo nenda kwa huyo mzee. Akiwa mfanyabiashara wa kweli atakushukuru.

Lakini kuna jambo moja la kuangalia kwanza. Jina linalotokea kwenye ujumbe si lazima lifanane na bango. Mimi kwangu ukilipa linatokea jina la kampuni, na wateja wengi huniuliza. Pia mwenye baa anaweza kuwa na tili mbili kihalali. Tafuta ujumbe wa zamani, wa kabla ya huyu meneja, uone ulikuwa unalipa kwa jina gani. Kama umefuta, piga *334#, unapata taarifa ya akaunti yako. Halafu uliza kama kuna mwenzako aliyelipa kaunta usiku ule ule. Hilo ndilo litakaloamua.

Ukienda, usidai kurudishiwa chochote na usiende jioni. Usimwendee meneja. Usitume picha za ujumbe kwenye kundi lolote la WhatsApp. Mpe namba za miamala, tarehe na saa. Mzee akiwa na simu ya tili yake, ataona ndani ya dakika tano kama pesa ziliingia kwake.

Na hili la kuondoa chupa tupu, mimi nililikataza kwangu. Meza yenye chupa inaniambia hata mimi nikiingia ghafla watu wamekunywa ngapi.

---

Spea wa Kirinyaga Road

Nashukuru sana, nyote. Imechukua siku kumi na mbili, niwape yaliyotokea.

Nilianza na ujumbe wa zamani, kama alivyosema ndugu wa Donholm. Kabla ya meneja huyu, malipo yangu yote yana jina la baa lenyewe. Halafu yule mwenzangu asiyekunywa akakumbuka kwamba alinunua Stoney nyingine ya kubeba kaunta mwenyewe, nje ya bili yetu, akalipa hapo hapo. Tukatafuta kwenye simu yake: saa mbili na dakika kumi, kwa tili ya kawaida, jina la baa. Dakika kumi na nne baadaye mimi naambiwa tili imekwama. Haikuwa imekwama.

Kumpata dada kulichukua muda. Mwenzake alimpigia, dada akakataa kuongea nami, siku ya tatu akakubali. Yuko Jogoo Road asubuhi, anauza chapati na madondo, yaani maharagwe, karibu na steji. Nilienda Jumamosi nikiwa na mke wangu, nisionekane vibaya. Kabla sijasema lolote la meneja nilimwomba msamaha kwa kunyamaza siku ile. Aliendelea kugeuza chapati muda mrefu. Halafu akaniambia, "Baba, zile bia mbili zilikuwa za meza ya nane, nilikosea. Ile ya tatu niliiongeza mimi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikatwa shoti ya 250."

Kaunta Miaka Nane, nilikukumbuka wewe pale pale. Nisiseme haikuniuma, kwa sababu miaka tisa nilikuwa namwamini hata kuhesabu chenji sihesabu. Lakini alinitazama usoni alipokuwa anaisema. Na 3,010 nililipa, hilo halibadiliki. Nilimwuliza kama anataka niende kwa mzee. Akasema niende, ila nisiseme anauza wapi. Tarehe ya kufukuzwa tulihesabu pamoja kwa kalenda ya duka la jirani: bado yuko ndani ya miezi mitatu, na karatasi ya vifungu ulivyovitaja nilimwachia, nimeiandika kwa mkono.

Jumatatu mzee alifika saa mbili na nusu asubuhi. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni mteja wa meza ya dirishani. Alinitambua. Tulisimama kando ya pikapu. Sikumtaja meneja kwa ubaya, nilisema tu, mzee, naomba utazame kama hizi ziliingia kwako. Nikamsomea namba za miamala, moja moja, na yeye akawa anaandika nyuma ya kitabu cha kreti kwa penseli. Tano zote. Alitoa simu yake, akavaa miwani, akatafuta muda mrefu. Wapakiaji walikuwa wanapita na magunia, tukasogea mara mbili kuwapisha. Mwisho akaniuliza, "Umemwonyesha nani mwingine?" Nikamwambia. Akafunga kitabu, akanishika mkono, akapanda ngazi. Hakusema zaidi.

Alhamisi dada alinipigia. Mzee amemtumia 3,010. Si 3,760, na dada mwenyewe anasema ile 750 haidai kwa sababu sehemu yake anaijua. Alimwambia arudi kazini akitaka. Mimi nilipopita Ijumaa, meneja bado yuko. Hakunisalimu. Lakini kwenye vyuma vya kaunta sasa kuna kibao kimepakwa rangi nyeupe, namba ya tili kwa tarakimu kubwa, na jina la baa chini yake. Chupa zangu mbili zilibaki mezani mpaka nilipoinuka. Sijui ni amri mpya au yule mhudumu alisahau, nami sikuuliza.

Dada hataki kurudi. Anasema hawezi kuhudumu chini ya mtu aliyemwita mwizi mbele za watu, halafu kutoka saa tano usiku kufika nyumbani kwa mtoto saa sita. Madondo yanalipa siku za kazi, wikendi hakuna watu.

Kwa hiyo naomba jambo la mwisho. Kama kuna mtu hapa ana hoteli ya chakula, au anajua mwenye hoteli tao au Eastlands anayetafuta mhudumu wa mchana, anayeweza kumwachilia kabla ya saa moja jioni, aniandikie hapa nami nitampelekea ujumbe. Ana zaidi ya miaka kumi kwenye kazi hiyo, anajua kushika meza nane peke yake, na hasahau mteja anakunywa nini.

---

Mwenye Baa, Donholm

Dada yangu wa kuzaliwa ana hoteli ya chakula Buruburu, anafunga saa kumi na mbili. Mhudumu wake mmoja anaondoka mwisho wa mwezi. Nimemwelezea yote, hata ile bia moja. Amesema aje Jumanne asubuhi kabla ya saa nne, waongee.